Tupeane uzoefu: nani alishawahi kukwama safarini kwenye treni kwa sababu ya moto wa nyika?

BintiKibosho
Wakuu habari za jioni. Mimi niko Moshi, Pasua, na hili jambo limenikaa moyoni tangu mwaka jana mwezi wa tisa, leo nimesema niliandike na nyie mlete yenu, maana nikisimulia hapa mtaani watu wanashangaa moto na treni wapi na wapi.

Nilikuwa natoka Dar na watoto wangu wawili, daraja la tatu. Korogwe tukapita vizuri, Mombo watu wakanunua maji na mahindi ya kuchemsha, baada ya hapo nikasinzia. Nakuja kushtuka kama saa kumi usiku treni imesimama, giza tupu, na harufu ya majani yanayoungua imejaa behewa zima. Nikachungulia, siyo upande wa milima ya Pare, ni ule mwingine wa kwenda mto Pangani, nikaona mstari mwekundu mrefu unatembea kwenye nyika, sehemu nyingine unazama halafu unainuka ghafla ukikutana na kichaka. Mkubwa wangu akaniuliza mama tunaungua? Sikuwa na jibu aisee.

Gadi akapita na tochi yake, behewa kwa behewa, akasema moto umeshika nyasi mbele kwenye tuta la reli, dreva kaambiwa asisogee mpaka njia ikaguliwe, fungeni madirisha upande wa moshi, msishuke. Maneno machache tu ila mimi niliyashika kama dawa. Baada ya muda akarudi tena, hana jipya, akasema bado tunasubiri. Yani kule kurudi kusema bado ndiko kulikotutuliza, maana wakati hajarudi kuna wababa walikuwa washaanza kushusha mabegi wanasema bora tutembee.

Sasa siti ya mbele yetu kulikuwa na mama mmoja wa Machame amebeba vifaranga mia tatu, maboksi matatu yale yenye matundu pembeni. Moshi ulipozidi wakaanza kulia, kile kilio chembamba cha vifaranga mia tatu kwa pamoja, mae! Yule mama hakupiga kelele. Akayasukuma maboksi chini ya siti kwa sababu moshi unakaa juu, akavua kanga ya pili, akailowesha na maji yake ya kunywa, akaitandaza juu ya maboksi na kuacha wazi upande mmoja tu, halafu akamwita mwanangu mdogo ampepee na mfuniko wa ndoo. Mtoto kapepea mpaka kumekucha, hakulia tena. Wengine tukaiga, kila mtu kalowesha alichonacho, kanga, taulo, kuna kaka alilowesha soksi. Kulipopambazuka mama akafungua akahesabu kimoja kimoja, walikufa watatu. Watatu kati ya mia tatu.

Asubuhi baadhi ya abiria wakashuka wakachukua boda mpaka kwenye lami, wakapanda basi za kuja Moshi. Mimi na watoto na mizigo nikabaki. Saa tatu hivi kiberenge, kile kigari kidogo cha kukagua reli, kikapita mbele, baadaye na sisi tukaondoka taratibu sana. Pande zote mbili nyeusi, nguzo moja inafuka, na wale vijana wa gengi, wanaotunza reli, wamesimama kando na matawi mabichi mikononi, nyuso zao masizi matupu, watoto wanawapungia na wao wanapunga.

Naomba tupeane uzoefu. Wewe ilikuwa wapi, na hasa nataka kujua, waliwaambia nini na saa ngapi? Maana mimi naamini pale kilichotuokoa na vurugu ni gadi na tochi yake.

MzeeWaGengi
Mwanangu pole na safari. Mimi nimestaafu, nilianza kazi ya reli 1979, gengi letu lilikuwa na kipande kati ya Same na Kahe. Umeandika vizuri kuhusu wale vijana, watu huwa hawawaoni.

Nikueleze kwa nini mlisubiri hata moto ulipokuwa umeshapita. Moto wa nyasi unapita haraka, siyo huo unaomtisha mtu wa reli. Kinachotisha ni kilichobaki nyuma. Mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli, yakiwa ya chuma hayaungui, lakini penye mataruma ya mbao, na hasa juu ya madaraja madogo na makaravati, mbao inashika moto ndani kwa ndani, juu unaona nyeusi tu inafuka kidogo, ukiipiga nyundo inaingia. Uzito wa kichwa cha treni ukipita hapo ni hatari kubwa. La pili ni chuma chenyewe, kikipata joto kinatanuka, kikikosa nafasi kinakwenda upande, reli inapinda kama nyoka. Kwa hiyo lazima mtu apite kwa macho na kwa nyundo, na usiku hilo halifanyiki vizuri. Kusubiri kupambazuke ilikuwa ndio kazi yenyewe.

Moto unaanzia wapi? Sisi tulikuta sababu nyingi, mtu anasafisha shamba, mrina asali kaacha kijinga cha moto kwenye mti, mfugaji anachoma nyasi kavu zichipue mpya, na breki za treni pia zinatoa cheche kwenye mteremko, hilo siwezi kulificha. Dawa yake ni kufyeka kando ya reli mapema kabla jua halijakausha majani. Tukichelewa kufyeka tulijua kabisa mwezi wa tisa na wa kumi tutalala porini.

Na msishangae kwa nini hamkupitishwa njia nyingine. Hii ni reli moja. Mjerumani aliianzia Tanga akafika Moshi 1911, kilomita 352, Mwingereza akaifikisha Arusha 1929. Ukifungwa Makanya umefungwa, hakuna pa kuzunguka. Zamani pale Kahe ilichepuka nyingine kwenda Taveta mpaka Voi, Waingereza waliijenga wakati wa vita ya kwanza ya dunia, kwa hiyo Moshi ilikuwa na mlango wa pili wa kwenda Mombasa na Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 mambo hayo yakaisha. Ile ya kutoka Ruvu kuja Mnyusi, inayowaleta nyie kutoka Dar, imejengwa baada ya uhuru, 1963. Kwa hiyo ukisikia nchi za watu treni imezungushwa njia, ujue wana reli mbili tatu za kuchagua. Sisi njia yetu ya pili ni lami.

BintiKibosho
Shikamoo mzee wangu. Asante sana, sikujua kabisa habari ya mbao kuungua kwa ndani. Nilimnung'unikia dreva moyoni siku ile, leo nimeelewa.

ChaliiSakina
Mimi wa Arusha ila yangu ilitokea Uhispania, Agosti 2025, nilikuwa nimemaliza masomo Santiago de Compostela na tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani inaondokea Madrid. Mwezi ule Galicia yote, jimbo la huko Santiago, ilikuwa inaungua, Ourense ndio usiseme, na mkoa wa Zamora na León huko njiani. Treni ya Santiago kwenda Madrid inakatiza hapohapo katikati, Ourense kisha Zamora. Nimefika stesheni asubuhi na masanduku mawili, ubao umeandikwa imefutwa. Nikasema ya mchana, imefutwa. Kesho yake hivyohivyo, ilikaa siku kadhaa. Na basi nazo usizitegemee kwa sababu barabara kubwa ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kwa vipindi, moto ukivuka lami polisi wanarudisha magari.

Mchana jua lilikuwa la rangi ya chungwa na majivu yanadondoka kwenye masanduku, ukiyagusa yanapukutika.

Mzee anasema wenzetu wana reli za kuchagua, ni kweli, lakini siku hiyo ile ya kuchagua ilikuwa inakwenda kusini kwa wenyewe, siyo Madrid. Nikashuka na treni ya mkoa mpaka Vigo, nikapanda basi kuvuka mpaka kuingia Ureno, Porto, nikalala kwenye benchi masaa machache, halafu basi la usiku mpaka Madrid. Safari ya masaa matatu na kidogo ikanichukua karibu siku mbili nzima. Kwenye basi la Porto nilikaa na bibi mmoja anatoka kwenye kijiji cha huko Ourense, ana funguo ya nyumba mkononi, hana begi, na hajui kama nyumba bado ipo. Akanigawia mkate wake. Mimi nalilia ndege, yeye kashika funguo. Mpaka leo nikikumbuka ile funguo nanyamaza.

Dada BintiKibosho umeuliza waliambiwa nini. Kulekule Uhispania wananchi walinisimulia habari ya Agosti 2022, treni ya Valencia kwenda Zaragoza ilikutana na moto karibu na Bejís. Dreva akasimama ili arudishe treni nyuma, sasa kurudisha inabidi dreva ahamie upande wa pili wa treni, dakika hizo abiria wakaona moto unakuja na treni haitembei, hofu ikawapanda, wengine wakavunja vioo wakatoka nje. Walioungua ni wale waliotoka. Kwa hiyo wababa wenu waliokuwa wanashusha mabegi, mshukuruni sana yule gadi.

NjiroDada
Nimesoma hiyo ya Bejís mwili umesisimka. Yangu ni fupi, ni ya dada yangu, yuko Marekani. 2021 alikata tiketi ya ile treni ndefu ya Seattle mpaka Los Angeles, inaitwa Coast Starlight, inachukua kama masaa 35, alikuwa ameilipia miezi mingi anataka wanae waione pwani. Mwezi wa sita mwishoni moto ukaunguza daraja la reli kaskazini mwa California, treni za abiria zikawa zinaishia Klamath Falls upande mmoja na Sacramento upande wa pili, katikati hakuna kitu. Alijulishwa mapema kwa simu akabadilisha likizo. Hakuna drama, lakini ona, daraja moja tu na nchi nzima ile tajiri ikasimama.

MpagaziMarangu
Wakuu mimi siyo wa treni ila naomba nafasi. Oktoba 2020 moto wa mlima Kilimanjaro, ulioanzia pale Whona tunapopumzikaga kati ya kambi za Mandara na Horombo. Tulipanda mamia, wapagazi, maaskari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha Mweka, wananchi tu wa vijijini. Unapiga na matawi, unazima hapa, upepo unaubeba unauwasha nyuma yako, usiku baridi inakata na mbele yako ni moto. Huku chini Moshi mjini watu mlikuwa mnaona ule mstari mnapiga picha. Na mwezi uleule treni ya abiria ikarudi Arusha baada ya miaka karibu thelathini, watu wanashangilia stesheni, mimi nilikuwa nimelala nyumbani nakohoa nasikia redioni. Nilitamani kwenda kuiona.

BintiKibosho
Karibu sana kaka, hapa ni pako pia. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa chini wanauangalia ule mstari. Pole na asante, sikuwahi kupata wa kumwambia.

HimoKwetu
Samahani wadau nimechelewa. Mama yangu anapanda treni Alhamisi kutoka Dar, ana miaka 68, hii ndio mara yake ya kwanza tangu zile treni za zamani ziache. Nimesoma hizi stori nimepata wasiwasi, na huku kwetu kumekauka kweli, ng'ambo ya barabara majani ni kiberiti. Nimwambie apande basi tu?

MzeeWaGengi
Mwache apande, mwanangu. Mimi nimekaa kwenye ile njia miaka yote hiyo, moto ulituchelewesha mara nyingi, lakini treni haikuingizwa motoni. Mwambie akae upande wa milima, nyika kubwa ni upande wa pili. Na simu iwe na chaji.

BintiKibosho
Mwambie abebe maji zaidi ya anayodhani yanamtosha, chupa moja ya kunywa na nyingine ya akiba ya kulowesha kitambaa. Kanga mbili. Kitu cha kula kisichochacha, maana mkikwama pale porini hakuna anayeuza. Kama ana dawa za presha azishike mkononi, zisikae kwenye begi la juu. Na akiona gadi anapita amuulize, asione aibu, aulize tu baba tumesimamia nini.

ChaliiSakina
Na asishuke kwa sababu wengine wameshuka.

HimoKwetu
Asanteni sana. Ijumaa asubuhi nitakuwa stesheni Moshi nampokea, nitawaambia.

HimoKwetu
Wadau mama kafika. Walichelewa kama lisaa hivi, hakuna moto, ni kupishana tu na treni ya mizigo, na anasema gadi aliwaambia. Maji karudi nayo chupa nzima. Kanga ya pili hakuilowesha, usiku kulipiga baridi baada ya Mombo akamfunika mtoto wa jirani yake wa siti, na mtoto kashuka nayo Same amelala, mama hakutaka kumwamsha.