Naomba ushauri: soko langu linategemea kambi ya jeshi

Hamjambo ndugu zangu. Niko Nanyuki, nafuga kuku 400 wa mayai. Wateja wangu wakubwa ni hoteli mbili na mama mmoja mwenye kibanda cha chakula. Wote wanategemea mishahara ya watu wa kambi ya mafunzo ya jeshi la Uingereza, BATUK: wapishi, madereva, mafundi, wafagiaji.

Mwaka 2020, mazoezi yaliposimama kwa sababu ya korona, mji ulikauka. Trei za mayai zilijaa hadi chumba cha watoto, nikauza kwa hasara. Mwaka uliofuata Uingereza ikatangaza kupunguza jeshi lake la nchi kavu hadi askari 72,500. Tangu hapo sijatulia.

Sasa nimepata nafasi ya mkopo wa sacco, niongeze kuku 300. Mume wangu anasema tutafute kwanza wanunuzi Nyeri na Meru. Watalii wa Mlima Kenya wapo, lakini hao huja kwa msimu.

Je, kuna aliyefanya biashara karibu na kambi ya jeshi, matumizi yakapunguzwa? Ulitanguliza soko au mtaji? Chanjo na chakula cha kuku havingoji, nisaidieni.