Tuliosoma Kirusi: tupeane uzoefu wa maneno yaliyotuumbua na kibodi zilizotutesa

Wakuu, salaam. Jana nimelikuta daftari langu la podfak, ule mwaka wa kujifunza lugha kabla hujaanza kozi yenyewe, nikacheka peke yangu kama chizi. Nikaona nifungue uzi, waliopita Urusi wamwage ya kwao.

Naanza mimi. Wiki ya pili Voronezh, mwalimu kasimama mbele yangu: "Vasha familiya?" Nikajisemea hili nalijua. Nikakusanya Kirusi changu chote: nina mama, nina baba, kaka wawili, dada watatu, na bibi yuko kijijini. Mama wa watu akasubiri nimalize, kisha akanionyesha orodha ya majina. Familiya ni jina la ukoo. Familia kwao ni semya. Mpaka mwaka unaisha, kila tukikutana ananiuliza bibi anaendeleaje.

Kubwa kuliko ni la dukani. Sisi mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, tumemaliza, tunalala. Wao unarukaruka, na kwenye maandishi ya kawaida hauonyeshwi. Nimeenda kutafuta unga wa ugali. Muka, mkazo ukiwa mwisho, ni unga. Ukiuweka mwanzo, kama Mswahili yeyote atakavyousoma, ni mateso. Kwa hiyo nimeulizia mateso ya mahindi. Wakanipa unga, wameshanizoea. Nafika kwa keshia nataka kusema nalipa: plachu. Mkazo mwisho ni "nalipa", mwanzo ni "nalia". Basi mtoto wa watu nimesimama na noti mkononi, nimeomba mateso, na sasa natangaza kwamba nalia. Yule mama akaninyamazisha kama mtoto, akanitilia na pipi.

Karibuni.

Baridi Bila Koti:
Mkuu, mkazo huohuo ulinipeleka chooni. Nimenyoosha kidole kumwomba mwalimu kalamu, nikaanza: "Nataka kuandika." Pisat, mkazo kwenye -sat. Mimi nikauweka kwenye pi-, ikawa "nataka kukojoa". Akanionyesha mlango. Nikajua huko nje ndiko kuna kalamu, nikatoka. Nimerudi mikono mitupu, akaniuliza kama sasa najisikia vizuri.

Dada wa Kazan:
Mimi tatizo langu lilikuwa Kiswahili. Nilikaa chumba kimoja na Mrusi, kila Jumapili ananisikia nikipiga simu nyumbani. "Shikamoo baba." Kwao baba ni mwanamke, tena kwa kumtaja bila adabu, na yeye anasikia sauti nzito ya mzee inaitikia. Halafu "dada, dada", anajua nakubali kila ninachoambiwa, maana da-da ni ndiyo ndiyo. Alivumilia mpaka siku simu ilipopokelewa na mdogo wangu wa kiume, nami huku "haya kaka, sawa kaka, asante kaka". Neno hilo watoto wao wanalitumia kwa kinyesi. Akaniuliza kwa upole nagombana na nani.

Neno "huyu" silielezi humu. Waliokaa Urusi wanajua kwa nini Waswahili wawili wakipiga umbea ndani ya metro watu wanageuka.

Sindano Butu:
Nilisomea udaktari, na bado hili lilinipata nikiwa mgonjwa. Tumbo limevuruga, daktari anauliza: "Stul kakoy?" Stul nililijua tangu somo la kwanza, ni kiti. Nikashangaa kidogo, ila mkubwa kauliza, nikajibu: wa mbao, mguu mmoja umelegea. Kumbe hospitalini stul ni choo kubwa.

Kibodi Mbovu:
Nyie mlikuwa na maneno, mimi nilikuwa na laptop ya Kariakoo isiyo na herufi hata moja ya Kirusi. Nikanunua stika, baridi ikaisha nusu zimebanduka. Kubadili lugha unabonyeza Alt na Shift, ukisahau umekwisha. Nimemwandikia mama "asante" ikaenda фыфтеу. Akampelekea mjomba, mjomba akasema huyu ametekwa.

Na nukta! Pale nukta yako ilipozoea kukaa, wao wameweka ю, na mkato ni б. Insha yangu ya kwanza kila sentensi iliishia na ю. Warusi nao wanasahau, ila wao wameshazoea: ukiandikiwa "ghbdtn" usishtuke, ni "privet" tu, mtu anakusalimia kibodi ikiwa upande wa Kiingereza.

Lakini kilichonitoa machozi ni fomu ya bweni. Barua pepe inakataliwa. Naandika upya, inakataliwa. Namwita jirani, anaisoma herufi kwa herufi, iko sawa. Usiku wa manane ndiyo nagundua ile "a" ya kwanza niliipiga kwa Kirusi. Kwa macho hazina tofauti hata uazime miwani ya babu. Kompyuta inaziona mbili.

Mtoto wa Tanga:
Kuna binti alikuwa anamaliza kila ujumbe na mabano: ))) Nikamwambia kibodi yako inagandia, njoo niitazame. Kumbe kwao ndiyo tabasamu, macho hawajisumbui kuyaweka.

Mzee wa Miaka ya 80:
Wanangu, sisi hatukuwa na kibodi. Nilikuwa Moscow, chuo kikiitwa Patrice Lumumba (jina walilivua 1992, wakalirudisha 2023). Tuliandika kwa mkono, na mwandiko wao wa kuunga una т inayofanana na m na д inayofanana na g. Barua ya binti mmoja niliisoma siku mbili na kamusi.

Alitaka tuonane. Nikamjibu Jumamosi, sanamu ya Pushkin, saa saba. Nikatafsiri kama nilivyofundishwa, saba ni sem, nikaandika "v sem". Saa saba mchana nimefika. Januari hiyo. Nimesimama mpaka saa tisa, sihisi masikio, nikaondoka nimekasirika.

Mtoto wa Tanga:
Mzee shikamoo. Kwa hiyo hakuja?

Mzee wa Miaka ya 80:
Marahaba. Alikuja. Saa moja jioni, yaani saba yao, na maua. Wakati huo mimi niko bwenini, miguu kwenye beseni la maji ya moto, namsema.