Tupeane uzoefu: padi ya gemu (ile ya kushika mkononi) ya betri za kubadilisha au ya kuchaji, ipi imewahi kukuumbua?

MWANA WA KEKO
Wakuu, habari za Jumapili. Jana usiku nimeaibika sebuleni kwangu mwenyewe, mke na watoto wakishuhudia. Shemeji alikuja kula, tukawasha mashine ya gemu, PS4, tukaweka mpira. Mbili mbili, dakika ya 87, nina kona. Tangazo la betri kuisha lilishakuja mara mbili nikalipuuza, tena nikajigamba "hii bado ina moto". Taa ya mbele ikazimika. Gemu ikasimama yenyewe, sawa, lakini waya nilionao ni wa simu ya zamani, haufiki hata mita. Nikamalizia mechi nimechuchumaa chini ya TV, shingo juu, kama mtu anayechuma mchicha huku anaangalia ndege. Nikapigwa mbili. Shemeji hakusema neno, alikunywa maji tu.

Mwanangu wa darasa la tatu ndiye aliyeniuliza: baba, mbona hii haifunguki nyuma kama rimoti? Nikakosa jibu. Sasa nyie wa mashine za Xbox, ambao padi zenu zinakula betri mbili ndogo za AA, na sisi wa kuchaji, nani anateseka zaidi? Leteni ya kwenu.

CHUMA ULETE
Pole mkuu. Ila hapo tatizo siyo betri, ni beki zako.

MZEE WA BANDA
Umenitonesha kidonda. 2012 hadi 2016 nilikuwa na banda la gemu Mabatini, Mwanza, PS3 nne, benchi mbili na feni moja mbovu. Waliozaliwa na PS5 hawajui hili: padi ya PS3 ukiichomeka kwenye chaja ya simu ukutani, mara nyingi haili chaji kabisa. Inataka waya utoke kwenye mashine, na mashine iwe imewashwa. Kwa hiyo nikifunga saa nne usiku naacha mashine zinaunguruma ili padi zishibe, asubuhi nakuta uniti za LUKU zimeliwa na wateja bado hawajaja. Na waya wenyewe ni ule wa kamera za zamani, ukikatika unazunguka mji mzima.

Mwaka wa pili betri zikawa zinakaa dakika ishirini. Nikasema basi, kila padi ibaki na waya wake moja kwa moja, maana ya PS3 hata betri ikifa kabisa inacheza kwa waya. Ikawa sawa kwa muda. Siku moja dogo mmoja kafunga goli la dakika za lala salama, kainuka anashangilia, kakimbia kuelekea mlangoni na padi mkononi. Mashine ikamfuata. Ilitua kwa kona. Nikabaki na PS3 tatu. Tangu siku hiyo nyaya zote nilizifunga kwenye mguu wa meza kwa mpira wa tairi, na yeyote aliyeshangilia amesimama nilimtoza mia mbili.

CHUMA ULETE
"Mashine ikamfuata" 😂😂

KIJANI TUPU
Ndiyo maana mimi na Xbox hatuachani. AA mbili tangu 360 ya 2005 hadi Series X ya 2020, hawajayumba. Betri imeisha? Fungua kifuniko, toa, weka, endelea. Padi yangu ya 2014 inapiga kazi mpaka leo. Za kwenu za 2014 ziko wapi?

DADA WA GEMU
Toa weka hiyo ni kama una betri ndani ya nyumba. Saa sita usiku duka la Mangi limefungwa, utaweka nini, karanga?

KIJANI TUPU
Kuna AA za kuchaji dada. Ninazo nne tangu 2019, mbili kwenye padi, mbili kwenye chaja. Sijawahi kuchuchumaa chini ya TV.

DADA WA GEMU
Kwa hiyo na wewe unachaji. Umetoka Keko umerudi Keko.

MTOTO WA PANGANI
Hizo AA msizisifie sana. Sisi tulikuwa na 360 ya mjomba, tunanunulia zile betri za redio za bei chee. Padi ikitetemeka mara tatu nne, zimelala. Tukawa tunazianika juu ya bati, na zikigoma tunaziminya kwa meno. Zilikuwa zinarudi kweli, dakika kumi hivi. Kuna likizo tulizisahau ndani, tuko zetu kwa bibi. Kurudi, springi zimeota ukungu wa kijani na betri zimeng'ang'ania, mpaka tukazing'oa kwa kijiko. Nikasugua kwa ndimu na mswaki wa kaka. Kaka sikumwambia, na wala msimwambie.

FUNDI KIMYA
Zile za bei chee ni za kaboni na zinki, kazi yake ni saa ya ukutani na rimoti. Padi ina mota mbili za kutetemesha, zinavuta umeme kwa mkupuo, betri hiyo haiwezi. Nunua alkalaini, au za kuchaji. Za kuchaji ni volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo msishangae kipimo kwenye skrini kikiwadanganya. Na ukiweka padi kabatini, toa betri. Acheni kuzing'ata.

BABA JUNIOR KIGAMBONI
Mimi sijui betri ipi bora, ila nawaletea hii. Mwaka wa mwisho wa sekondari, padi yangu ya PS4 ilikuwa inakaa saa moja tu. Nikaenda Kariakoo, jamaa akaniuzia betri imeandikwa mAh 2000, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Ya asili ni 1000. Umbo lile lile, imeandikwa mara mbili, na bei nusu. Akili ya kitoto, nikaona nimewapiga.

Miezi mitatu baadaye padi ikaanza kufunguka yenyewe kwa nyuma, kava limeachama kama chaza. Nikaifungua: betri imeumuka kama andazi. Rafiki yangu, ambaye leo anajiita mhandisi, akasema hiyo ni hewa, itoboe ilale. Nikachukua bisibisi.

Wakuu, ilianza na sauti kama soda inafunguliwa. Halafu harufu tamu, tamu ya ajabu. Halafu moshi mweupe, halafu cheche. Nikaitupa chini, ikaanza kuunguza zulia. Mama akatokea jikoni na koleo la mkaa, hakuuliza, akaidaka, akairusha dirishani. Nje kuna kamba ya kuanikia. Ikatua kwenye kanga ya jirani, mpya, ya doti aliyopewa kwenye arusi ya mwanawe.

Ngoja, haijaisha. Baba akapewa hela akanunue nyingine ya kufidia. Baba hasomi kanga, yeye aliangalia rangi. Akaleta doti nzuri kweli, mama akaipeleka imekunjwa. Jirani akaikunjua mbele ya wageni: HASIDI HANA SABABU. Hatukuongea nao miezi saba.

DADA WA GEMU
Jamani 😭😭😭 nimelia kwenye daladala watu wananiangalia.

MZEE WA BANDA
Uongo huu. Koleo la mkaa linadaka betri inayowaka?

BABA JUNIOR KIGAMBONI
Mzee, mama yangu anageuza chapati kwa vidole. Koleo kwake ni anasa.

SHANGAZI WA TANGA
Mimi gemu sichezi, nimeingia kwa sababu mtoto kaniomba hela ya padi. Lakini huyo baba alikosea sana. Kanga unasoma kwanza, rangi baadaye. Angeleta hata yenye neno la kheri, mngepatana siku ile ile.

KIJANI TUPU
Turudi kwenye mada. Mnaona sasa? AA haijawahi kuvunja ujirani wa mtu.

FUNDI KIMYA
Betri ya lithiamu iliyovimba HAITOBOLEWI, na ikishavimba usiichaji tena. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje, ipeleke kwa fundi. Na kubadilisha siyo kazi kubwa. Padi ya PS4 ina skrubu nne nyuma, unapachua kava taratibu kwa sababu kuna utepe mwembamba unaounganisha pande mbili, ukivuta kwa hasira umeukata. Betri imechomekwa kwa plagi ndogo. Angalizo: padi za mwanzo na zile zilizokuja na PS4 nyembamba ya 2016 plagi zake hazifanani, kwa hiyo nenda dukani na betri ya zamani mkononi. Na ukiona mAh mara mbili kwenye umbo lile lile, rudisha hela yako mfukoni.

NIPO HAMBURG
Huku Ulaya sheria ya betri ya 2023 inataka kuanzia Februari 2027 vifaa vya mkononi viwe na betri ambayo mtumiaji anaweza kuitoa mwenyewe, isipokuwa vichache. Tusubiri tuone padi zitakuja vipi.

CHUMA ULETE
Sisi tunasubiri mzichoke nyie kwanza. 2035 tutaziona Kariakoo.

MTOTO WA PANGANI
Kuna ukweli ukiweka betri kwenye friji zinakaa zaidi?

DADA WA GEMU
Weka, zikae na samaki.

MWANA WA KEKO
Nimesoma zote. Leo nimenunua waya wa mita tatu na padi ya pili nimeichaji tangu asubuhi. Shemeji kaja tena, mara hii na padi yake mwenyewe kwenye mfuko. Saa mbili kamili tumekaa, nimechagua timu, umeme umekatika.

CHUMA ULETE
Zianikeni kwenye bati.

SHANGAZI WA TANGA
Baba Junior, doti ni kanga mbili. Iliungua moja. Ya pili ilikuwa wapi?

BABA JUNIOR KIGAMBONI
Alikuwa amejifunga, shangazi. Ndiyo aliyokuja nayo kutugongea mlango.