Naombeni ushauri: kila mkaguzi anakuja na masharti yake, nembo ya TBS nitaipataje?

Wakuu habari zenu. Niko Dodoma nasindika siagi ya karanga, nakaanga na kusaga kwenye chumba cha uani, nauza kwa majirani na maduka mawili matatu ya mtaani. Sasa supamaketi moja imenikubalia ila wanataka nembo ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, nikasema sawa ngoja nijipange, hapo ndo shida ilipoanzia. Kaja afisa mmoja anasema lazima vigae ukutani mpaka juu, dari, stoo ya pembeni na choo cha wafanyakazi, wafanyakazi wenyewe ni mimi na mdogo wangu. Baadae kaja mwingine wa ofisi nyingine anasema vigae sio lazima, rangi ya mafuta inatosha, ila yeye anataka mtungi wa kuzimia moto na chumba kitenganishwe kabisa na nyumba. Hakuna aliyeniachia karatasi. Kinachoniuma zaidi, gunia la karanga lilikuwa wazi pale mlangoni na hakuna hata mmoja aliyeinama kuzishika, wakati siagi ya karanga ikimdhuru mtu kubwa ni sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu. Sikatai sheria, watoto wa watu wanakula hii kitu. Ila nianzie wapi, na nijenge kwa maneno ya nani?

Mama Achari:
Pole mdogo wangu. Usijenge kitu kwanza. Nenda SIDO ya mkoa, lile shirika la serikali la viwanda vidogo, watakupa mafunzo na barua ya utambulisho, ukiipeleka TBS mjasiriamali mdogo kwa kipindi cha mwanzo hulipii gharama za kukaguliwa na kupimiwa. Na tangu Julai 2019 chakula na vipodozi vimetoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, vikaenda TBS, kwahiyo mtu akikutuma TFDA kwa habari ya chakula ujue hayo ni ya zamani.

Mkaguzi Mstaafu:
Kwa karatasi, kanuni inatakiwa ifuate hatari ilipo. Na hatari kwenye karanga inajulikana, mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu wapatao 20 huko huko Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki ni sumukuvu kwenye karanga isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina yake kali zaidi, B1, isizidi 5. Sasa hiyo haionekani kwa macho, inataka sampuli, maabara na hela, afisa kaja kwako na fomu na kalamu tu, atakagua anachokiona, ukuta, dari, choo. Serikali yenyewe ilikiri wadhibiti ni wengi na wanagongana, ndo ukaja MKUMBI, mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, na chakula kwenda TBS ni sehemu ya mageuzi hayo. Lakini kubadili sheria Bungeni ni kazi ya siku chache, mabadiliko kumfikia afisa anayegonga mlango wako ni miaka. Kwahiyo kila sharti mwombe kwa heshima aliandike na ataje kifungu, lisilo na kifungu usilijengee. Na usilipe senti bila kontrol namba.

Kijana wa Kibaigwa:
Naungana na mzee ila ukuta nao tusiudharau jamani, unga wa karanga unanata, unavuta mende na panya, kwahiyo ukuta unaooshika ni lazima hata kama ni wa rangi ya mafuta. Lingine, kuna wanaolowesha karanga maji ili zibanguke kirahisi, hapo ndo kuvu inapozaliana. Nunua zenye maganda, bangua kavu, kisha chambua kwa mkono zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa, maana kukaanga hakumalizi sumu. Na weka daftari, gunia limetoka kwa nani, lini, umetoa mbovu kilo ngapi. Fomu yao haiulizi hayo lakini wewe waonyeshe, umlazimishe mkaguzi aangalie karanga.

Mwanzisha uzi:
Mungu awabariki. Jumatatu naenda SIDO, na wale wawili nitawafuata ofisini waniandikie. Swali moja, zile mbovu nikishachambua napeleka wapi? Kuna jirani ananiomba za kuku.

Kijana wa Kibaigwa:
Usimpe kabisa dada, zinadhuru kuku na sumu inaweza kuingia mpaka kwenye mayai. Ng'ombe wa maziwa nae hivyo hivyo. Zichome au uzifukie, na uandike kwenye lile daftari.