Miksa ya 20,000, kodi 9,900! Na reli nayo inataka chake

Jamani, nina hasira, mnisamehe mapema.

Nimeagiza miksa ya keki kutoka China. Bei, bima na nauli mpaka bandari ya Kilindini, Mombasa: shilingi 20,000. Hizo ni pesa za keki za harusi na mahamri ya alfajiri, nimezidunduliza miezi minane. Ajenti wa forodha kaniletea hesabu, nikadhani kakosea kuandika.

Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo 5,000. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, tena haihesabiwi kwenye 20,000, inahesabiwa kwenye 25,000, yaani kodi juu ya kodi! 4,000. Ada ya tamko la forodha 500. Tozo ya reli 400. Bado ajenti mwenyewe hajataja chake.

Hiyo reli sasa. Mzigo unashuka Kilindini, unapakiwa kwenye tuktuk, unakuja Majengo. Treni inaingilia wapi hapo? Najua 400 si kitu, lakini ndiyo iliyonichoma kuliko zote.

Halafu kuna hili. Kwenye jedwali la ushuru la Afrika Mashariki, mitambo ya bekari, ile ya kiwandani, ushuru wake ni sufuri. Miksa ya nyumbani ndiyo asilimia 25. Mwenye malori ya mikate anapita bila ushuru huo, na VAT yake anarudishiwa kwenye hesabu za kampuni. Mimi wa jikoni kwangu nikishalipa imekwenda.

Eti wanalinda viwanda vya nyumbani. Sawa, kwenye mikebe ya keki nawaelewa: fundi wangu wa bati ananikatia saizi yoyote, na vizuri kabisa. Lakini miksa nani ananichongea hapa? Mnijuze, niende kesho asubuhi. Na msinielekeze madukani, mwenye duka naye alishalipa hayo hayo kisha akaweka faida yake.

Kuna aliyeninong'oneza niiandikishe kama mtambo wa bekari. Wee! Wakifungua sanduku wakakuta kibakuli cha lita tano nitasema nini?

Mzigo ungali ghalani, siku za kuuweka bure zinaisha Jumatano, na Jumamosi nina keki ya ghorofa tatu naipiga kwa mwiko. Aliyewahi kupinga hesabu ya forodha akasikizwa, tafadhali aniambie alianzia mlango gani.