Muuguzi mtafiti aandaliweje kuchunguza mambo ya kijamii yanayoamua afya?

Muuguzi wa wodi

Ndugu zangu, nimeanza masomo ya uzamivu katika uuguzi, na ninataka kuchunguza kwa nini wagonjwa wa kisukari wanaofanya kazi za zamu hulazwa tena na tena, ilhali wengine wa umri ule ule na wanaotumia dawa zile zile hawalazwi. Mafunzo niliyopitia yamenizoesha kumtazama mgonjwa mmoja mmoja: sukari yake, kidonda chake, namna alivyoyaelewa maelekezo yetu. Hayakunifundisha kuchunguza kipato, makazi au masharti ya kazi kama vyanzo vya ugonjwa. Msimamizi wangu anashauri nitumie hojaji ya maarifa na mwenendo, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka idarani, lakini ninahofia kwamba itanifanya nimhukumu mgonjwa kabla sijaijua hali yake. Je, muuguzi anayeelekea huku ajifunze nini, na kwa nani?

Mtakwimu wa afya ya jamii

Hofu yako ina msingi. Hojaji ya aina hiyo huuliza mgonjwa anajua nini na anafanya nini, kwa hiyo ukikuta kwamba hachomi insulini kwa wakati, utahitimisha kuwa aelimishwe zaidi, hata kama kinachomzuia ni ratiba iliyopangwa na mwajiri.

Anza kwa kuusoma kwa makini utafiti wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 miongoni mwa wanaume watumishi wa serikali jijini London. Wote walikuwa na ajira, na wote waliishi katika nchi yenye huduma ya afya ya umma. Hata hivyo vifo vya maradhi ya moyo viliongezeka kadiri cheo kilivyoshuka, ngazi kwa ngazi, na uvutaji sigara, shinikizo la damu na lehemu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Kwa hiyo usiwagawe watu wako katika maskini na matajiri tu, bali pima ngazi zote zilizo katikati.

Kuhusu mbinu, jifunze uchanganuzi wa ngazi mbalimbali, yaani unaomhesabu mtu pamoja na kundi alimo, maana wafanyakazi wa kiwanda kimoja wanafanana kwa mengi na huwezi kuwahesabu kana kwamba hawahusiani. Jifunze pia kuwafuatilia watu kwa muda, kwa sababu ugonjwa wenyewe unaweza kumshusha mtu kazi na kipato, na data iliyokusanywa mara moja haitakuonyesha kilichotangulia. Kisha kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawafundishwi mapema: ikiwa zamu za usiku humdhuru mtu kwa kumkosesha mlo wa wakati, halafu ukauweka mlo huo katika hesabu kama kitu cha kudhibitiwa tu (yaani ukawalinganisha watu wenye mlo unaofanana), utakuwa umeifuta athari ile ile uliyokuwa ukiitafuta. Chora kwanza njia za visababishi kwenye karatasi, ndipo uchague vigeu, yaani mambo utakayoyapima.

Muuguzi wa jamii

Nakubaliana na yaliyosemwa, ila nisingependa mwenzetu adhani kwamba ni lazima auache uuguzi mlangoni. Lillian Wald, muuguzi aliyeanzisha huduma ya kuwauguza wahamiaji majumbani mwao New York mwaka 1893, alipigania pia makazi bora na ulinzi wa watoto walioajiriwa, kwa sababu nyumba alizoingia zilimwonyesha asili ya maradhi aliyoyauguza.

Kabla ya kuandika swali lolote, kaa na wafanyakazi wa zamu uwaulize nani hupanga zamu, nani hutoa ruhusa ya kwenda kliniki, na anayekosa siku moja hukatwa nini. Waombe baadhi yao waisahihishe hojaji yako. Na uamue mapema utakavyowalinda, kwa kuwa maelezo hayo yakimfikia mwajiri, mtu anaweza kupoteza kazi kwa ajili ya utafiti wako.

Msimamizi wa uzamivu

Omba msimamizi wa pili kutoka sosholojia au epidemiolojia (taaluma ya mtawanyiko na visababishi vya maradhi katika jamii). Hakuna mtu mmoja anayeweza kukufundisha yote haya. Idara ikisema kwamba suala hili si la uuguzi, waonyeshe kuwa taasisi ya taifa ya utafiti wa uuguzi ya Marekani ililiweka waziwazi katika mpango mkakati wake wa 2022 hadi 2026.

Muuguzi wa wodi

Nawashukuru sana. Nitaligeuza swali liwe kuhusu masharti ya zamu na kulazwa tena, na nitaanza na mahojiano. Je, kipato nikidhibiti au nikiache?

Mtakwimu wa afya ya jamii

Inategemea. Kipato cha kabla ya kuajiriwa katika zamu kidhibiti, kwa kuwa huenda ndicho kilichomsukuma mtu kuikubali kazi hiyo. Kipato kinachotokana na zamu zenyewe kiache katika uchanganuzi wa kwanza, ukichunguze baadaye kama njia mojawapo ya athari.