Baba hataki mashine, kaka anasema tunamtelekeza

Wapendwa, niko Kondele, Kisumu. Baba ana saratani ya umio, sasa anameza uji mwepesi tu. Ametuambia waziwazi: akizidiwa, asiwekewe mashine ya kupumua, afie bomani kwake Seme. Kaka mkubwa, aliye Nairobi, hataki kusikia. Neno la mzee litalindwaje?

Nesi wa Kakamega: Pole sana, dada. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 9, inamruhusu mgonjwa kumteua kwa maandishi mtu wa kumtolea ridhaa asipoweza mwenyewe. Fanyeni hivyo akili yake ikiwa bado timamu. Aweke sahihi mbele ya mashahidi. Halafu, na hili ndilo watu husahau, daktari aandike agizo kwenye faili. Nesi wa usiku husoma faili. Hajui mliyoyazungumza nyumbani.

Mwana wa Nakuru: Kukataa mashine si kukataa matibabu. Ulizeni hospisi, kituo cha kuwatunza wagonjwa mahututi, kuhusu mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali. Mama yangu alipoanza kuinywa, alianza kupata usingizi.

Muulizaji: Asanteni mno. Jioni nampigia kaka simu, nimpe baba waongee wenyewe.